Mara Sita na Kidogo

Ponti iko mezani, Kadutu, saa mbili usiku.
Umeme umekatika, nimebana tochi kwa meno
nikihesabu meno ya krauni kwa chaki:
thelathini na saba.
Ya pinioni, sita.
Shafti izunguke mara sita na kidogo
ndipo gurudumu lizunguke mara moja.

Tajiri Birindwa hataki kusikia.
Anataka meno ya mbio, meno ya watu wa lami,
Kamituga aende Jumanne, Alhamisi awe amerudi.
Nikamwambia: Tajiri, mbio utazipata wapi?
Ukishaiacha Burhale barabara ni uji,
na uji wa moto haunywewi kwa pupa.
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa.

Mimi hilo "kidogo" ndilo ninalolipenda.
Ingekuwa sita kamili,
jino lingekutana na wale wale sita kila mzunguko,
lingewachimba, wangelichimba, kama wake wenza.
Lakini thelathini na saba haigawanyiki kwa sita,
kwa hiyo kila jino hutembea kijiji kizima,
husalimu kila mlango
kabla ya kurudi kwa lile lililoanza nalo.
Aliyebuni hesabu hii, nadhani,
aliwahi kupanga chumba kimoja na watu tisa.

Masika yaliyopita lori lilikuwa na difu ya kawaida.
Siku kumi na moja lilikaa njiani, karibu na Mwenga,
magunia tisini ya unga yakivunda chini ya turubai.
Gurudumu la kushoto, ndani ya tope, lilipiga mbio peke yake,
likarusha matope hadi kwenye ukuta wa shule.
La kulia lilikuwa juu ya jiwe,
jiwe kavu, jiwe la kukanyaga,
limetulia kama shahidi ambaye hakuitwa.
Ndivyo difu ile ilivyoumbwa:
mbio zote kwa anayeteleza.
Asiyeteleza hapati kitu.

Hilo nililijua kabla sijashika spana.
Cirhuza, ndugu yangu, alipoteleza
mama aliuza ng'ombe.
Akateleza tena, ikaenda migomba ya Kabare,
kisha mabati, kisha cherehani.
Mimi nilikuwa juu ya jiwe.
Nilikuwa na kazi, na afya, na mikono hii.
Miaka minane nikasimama pale pale,
na nyumba yetu haikusogea hata hatua.

Hii mpya imetoka kwenye lori lililofia Uvira.
Tumboni mwake mna sahani za chuma, nyembamba,
zimebanana kama sambaza kwenye beseni.
Gurudumu moja likitaka kukimbia, sahani zinasuguana,
zinalishika shati:
we, polepole, mwenzako huku ana jiwe.
Anayeteleza hanyimwi.
Anapunguziwa tu.
Msuguano una joto lake, na oili yake si ya sokoni;
shofa Ntakwinja ameapa mbele yangu
kwamba hatachanganya hata kijiko.

Meno sikubadilisha. Tajiri amenuna, atazoea.

Alfajiri tulishuka kulijaribu.
Kwenye mzunguko wa Nyawera ponti ikaguna,
ikagonga, ikaguna tena.
Birindwa akashika dashibodi: Imevunjika!
Hapana, tajiri.
Kwenye kona gurudumu la nje lina njia ndefu,
la ndani lina njia fupi,
na hizi sahani hazipendi kuachana.
Zinagombana. Sikiliza.
Akasikiliza, mdomo wazi,
hadi barabara iliponyooka na kelele zikaisha.

Lori limeondoka saa moja na nusu.
Ntakwinja ana bahasha yangu mfukoni,
ampe Cirhuza huko machimboni, akimwona.
Si nyingi.
Nusu ya malipo ya ponti, na kidogo.
Mama sijamwambia.
Nimenawa mikono kwa mafuta ya taa,
kucha bado nyeusi,
na chaki imebaki mezani karibu na namba sita.