Makato

Arusha wanapiga kengele.
Ukiwahi, kumi. Ukikosea, zinakatwa tano
na swali linasukumwa meza ya pili, bado la moto.
Sisi Moshi tunaandika: dakika mbili, karatasi,
anayebahatisha hatozwi faini.

Mwaka huu wenyeji ni wao, kengele ni zao.
Nimeketi nyuma, daftari magotini,
namtazama Aikande wa Kiboriloni,
kidole juu ya kitufe, hakishuki.
Anajua. Akijua hukunja midomo
kama anayepuliza chai.
Kijana wa Sakina anabonyeza swali halijaisha,
anakosea, anacheka,
anabonyeza tena.

Themanini kwa hamsini na tano.

Usiku, Ngarenaro, nikapiga hesabu upya
kwa kanuni zetu, na majibu yote aliyoyameza:
tumeshinda kwa tano.
Nikajaribu ya tatu, ya kuchagua A mpaka D:
sare.
Nikafuta. Kombe halisomi daftari langu.

Asubuhi, akimenya yai, Aikande akaniuliza:
“Mwalimu, lile swali la ziwa la magadi,
ningebonyeza, nikakosea,
ungenitazamaje?”

Nikatafuta chumvi
iliyokuwa mbele yangu.