Aliyeupa Uwanja Mgongo

Sheria ya kwanza, aliniambia Wakana,
kiongozi wa washangiliaji haoni mechi.
Husimama ngazi ya chini kabisa,
uwanja nyuma yake, sisi mbele,
na gongo likiupata mpira, taa!
hageuki.
Hututazama sisi kujua kama umepaa.

Sisi, yaani watu kumi na mmoja:
mwalimu wa kemia na mwavuli wake,
akina mama wanne wenye vipepeo vya karatasi,
bibi yake mdakaji, anayesinzia,
wadogo watatu waliolazimishwa kuja,
dereva wa basi la shule,
na mimi, na ngoma.

Iwasaka ina wanafunzi arobaini na wawili.
Tisa wako uwanjani. Wa kumi ningekuwa mimi,
lau kiwiko changu kingekunjuka.
Basi nikapewa ngoma;
ngoma hairingi, mkono mmoja huitosha.

Koti jeusi la kaka yake linamfika magotini.
Jua la Julai halilionei huruma.
Glavu nyeupe, utepe mweupe kichwani,
na plamu ya chumvi shavuni ya kulituliza koo,
koo lililochanika tangu mzunguko wa pili.

Piga! Piga! Piga, Nobuyuki!
Du. Du. Du-du-du.
Mikono yake inaikata hewa
kama mtu anayefungua madirisha
ya nyumba kubwa iliyofungwa miaka.

Nobuyuki akakosa.
Niliona. Naye akaona kwamba nimeona.
Hapo ndipo nilipong'amua
kuwa uso wangu ndio ubao wake wa matokeo,
nikaanza kudanganya kwa mashavu.
Sifuri kwa nne, nikatabasamu.
Sifuri kwa tisa, nikatabasamu hadi masikio yakauma.
Njia ya mwongo ni fupi:
yangu iliishia mzunguko wa tano,
sifuri kwa kumi na moja,
mwamuzi alipoinua mkono. Yametosha.

Ng'ambo walikuwa Minamihara, watu mia tatu,
tarumbeta ishirini zinazomeremeta.
Na desturi ni desturi:
mshindi huliita jina la aliyeshindwa.
I-wa-sa-ka! I-wa-sa-ka!
Vinywa mia tatu. Shule yetu inafungwa Machi.
Sidhani jina hilo lilikuwa limewahi kupata
vinywa vingi namna ile.

Zamu yetu ya kujibu.
Wakana akageuka.
Kwa mara ya kwanza akauona uwanja, ule ubao, lile vumbi,
vijana tisa wamevua kofia.
Uso wake sikuuona.
Niliona mgongo, na chumvi ya jasho
iliyochora ufuo mweupe juu ya nguo nyeusi.

Akainua mikono, akafungua kinywa.
Hewa tupu, kama pampu ya baiskeli.
Minamihara wakanyamaza.
Mmoja mmoja, waliteremsha tarumbeta.
Mikono ikatamka, mi, na, mi, ha, ra,
nami nikaifuata, du tano,
taratibu, nisiruke hata moja.

Bibi wa mdakaji akaamka.
"Tumeshinda?"
Akapiga makofi kabla hajajibiwa.

Kwenye basi Wakana alinikalia jirani.
Sauti hana. Akaomba kalamu,
akaandika kwenye kiganja changu:
*Nilijua tangu ya nne.
Unatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.*
Kisha akaitema ile kokwa ya plamu,
akaifunga ndani ya glavu,
akalala, mdomo wazi, hadi nyumbani.