Neno la Kwenye Plasta

Afisa utumishi alikigeuza cheti changu mara mbili,
miezi minane Puno, nchi ya Peru, mihuri mitatu ya zambarau,
akauliza, "Hiki Kihispania, Rweyongeza,
utakisema na nani hapa Mwanza?"
Akakiweka chini ya kikombe chake cha chai.

Sikumjibu. Ningemwambia nini?
Kwamba kule pia kuna ziwa,
ila lilipanda mlima likakaa huko na baridi yake,
na hewa ni haba kama chenji ya asubuhi;
wiki ya kwanza nilitokwa damu puani
juu ya faili la mgonjwa.
Kwamba wauguzi kule huitwa señorita,
nami na ndevu zangu nikaitika,
maana hata hapa wananiita sista,
kisha wanajirudi: "Samahani, dokta,"
wakikosea mara ya pili.

Kila neno jipya niliandika kwenye plasta
nikaibandika kwenye kifundo cha mkono.
Dolor, maumivu. Sangre, damu. Respire, vuta pumzi.
Usiku mmoja, uchovu umenifika kwenye kope,
nikampa Bibi Eulalia vidonge viwili na maji
nikamwambia, kwa ulimi wa nyumbani, "Meza."
Akageuka akaitazama meza.
Akaikagua, miguu yake minne, chupa, maua ya karatasi,
akitafuta nilichotaka akione.
Kisha akacheka mpaka mshono ukamuuma.
Kihispania hakikuwa chake pia.
Alizaliwa kwenye Kiaimara, katikati ya mafunjo,
Kihispania alikivaa akija hospitali tu,
viatu vya kuazima, vinabana.
Akauchukua mkono wangu akauweka ubavuni.
Hapo. Siyo hapo. Hapo.

Jana, zamu ya usiku, wodi ya akina mama,
taa za Igogo zinakonyeza majini
na upepo umebeba dagaa hadi dirishani,
wakamleta Bibi Nyanjura wa Ukara:
kivuko, gari, meli, kisha bajaji,
na mjukuu aliyemleta ameenda kutafuta pa kulala.
Kiswahili chake kinaishia kwenye marahaba.
Nikamuuliza anaumwa wapi. Marahaba.
Nikauliza polepole. Marahaba.
Daktari wa zamu, kijana wa Tanga, akaandika:
Mgonjwa hatoi ushirikiano.
Akaenda kitanda cha pili.

Nikabaki nimesimama.
Swali lile naweza kuwauliza watu
ambao saa tisa yetu ya usiku
ndio kwanza wanaepua chakula cha jioni.
Kwa huyu, tunayekunywa naye maji ya ziwa moja,
sina hata silabi.

Nikavua glovu ya kulia. Nikanyoosha mkono, nikaungoja.
Bibi aliutazama muda mrefu,
kama anayeuziwa kitu na mtu asiyemwamini.
Kisha akauchukua, akaupitisha chini ya kitenge,
upande wa kulia, mbavu zinapoishia,
akaukandamiza pale, akasema neno.
Nikalirudia. Akatikisa kichwa.
Nikalirudia.
Mara ya nne akacheka, jino moja likachungulia,
na mama wa kitanda cha jirani akacheka naye
bila kujua wanacheka nini.

Nikakata plasta, nikaliandika nilivyolisikia,
tahajia ya kubahatisha,
nikalibandika pale pa zamani.
Chini ya mstari wa daktari nikaongeza:
Mgonjwa ameonyesha. Ubavu wa kulia.

Alfajiri mjukuu alifika na uji kwenye chupa.
Nikamwonyesha mkono. Nikalitamka kwa fahari,
nikitaka kuhakikisha kwamba ndivyo wanavyosema
panauma.
Akamtazama bibi yake, akaona haya.
"Hapana, baba. Anasema mkono wako wa baridi."

Plasta sikuibandua.
Nikaenda jikoni kwa wahudumu
nikaishika birika kwa viganja vyote viwili.