Hasi Kwanza

Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri,
na moshi wa makaa ya mawe umelala juu ya Ulaanbaatar
kama mgeni asiyejua kuaga.
Gari limegoma.
Gari la viti vya ngozi, viti vinavyopasha mgongo moto,
kamera mbele, kamera nyuma,
leo halina nguvu ya kufungua mlango wake lenyewe.

Nabonyeza rimoti. Kimya.
Nabonyeza tena, kama mtu anayepiga hodi
kwenye nyumba anayojua imehamwa.

Fundi alinitajia bei kwa simu:
nusu ya mshahara wangu wa kufundisha kemia.
"Magari haya, mama, hayashikwi na kila mtu.
Yana kompyuta."
Nikakata.
Betri ni risasi na tindikali.
Risasi na tindikali ni mada ya kidato cha tatu.

Tumboni mwa rimoti mna ufunguo wa chuma, mwembamba,
miaka miwili sikujua kuwa umelala humo.
Mlango wa dereva ukakubali. Buti likakataa:
buti hufunguka kwa umeme,
na umeme umo ndani ya buti.
Aliyebuni haya hakuwahi kuishi na baridi,
au aliishi na mtu wa kumfungulia.

Basi nikakunja kiti cha nyuma, nikatambaa kwa tumbo,
mwanamke wa miaka arobaini na mmoja,
viatu vya manyoya vikining'inia nje,
na mzee Gombosuren wa ghorofa ya pili
amefuta ukungu wa dirisha lake apate kuona vizuri.

Temuulen, miaka tisa, ameshika tochi.
Mwanga unatetemeka. Simkemei; mkono wangu pia.
"Kipi kwanza, mama?"
"Hasi. Hasi hutoka kwanza,
na kurudi, hurudi mwisho."
"Kwa nini?"
"Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, cheche."

Nilijibu kama niko darasani. Sikumwambia
kwamba nyumbani kwetu ndivyo ilivyokuwa:
neno baya lilitoka kwanza,
kisha baba yake akatoka na begi, akaenda Incheon,
na sasa kila mwezi hututumia fedha kidogo
na picha za barabara.

Spana namba kumi. Nati imeganda.
Nikavua glavu, chuma kikaniuma,
kikabaki na kipande cha ngozi yangu.
Mrija wa hewa nikauchomoa taratibu.
Ile ya zamani nikaikokota hadi thelujini.
Mpya ililala jana karibu na bomba la joto,
imefungwa kwenye joho la bibi yangu,
yule aliyewaingiza hemani wana-kondoo wa usiku
wasife kabla ya kusimama.
Temuulen aliipa jina. Nikajifanya sikusikia.

Chanya.
Kisha hasi.

Taa zikawaka zote kwa pamoja,
kama mashangazi walionyimwa neno siku nzima.
Saa ikarudi mwanzo, haijui mwaka.
Na yule mwanamke wa Kijapani
anayekaa ndani ya dashibodi tangu bandarini
akasema sentensi yake moja.

"Anasema nini?"
"Anasema kadi haimo.
Kadi ya kulipia barabara za kwao."
"Lakini hatuko kwao."
"Hajaambiwa."

Kumbe kazi haijaisha. Vioo vimesahau mwisho wao.
Kila kimoja unakishusha, unakipandisha,
kikifika juu huachii kitufe,
unahesabu hadi tano,
mpaka kijue tena: hapa ndipo ninapoishia.
Temuulen alichukua vya nyuma.
Nilimsikia akihesabu kwa sauti,
akikosea, akianza upya.

Cha upande wa abiria nilikiacha mpaka mwisho.
Nikakishusha. Baridi ikaingia yote,
na moshi, na mbwa wa mtaa wa pili.
Nikakipandisha.
Nikashikilia.
Moja.
Mbili.