Hatua za Alhamisi

Saa moja kasoro unatetema juu ya stuli,
kando ya kikombe cha uji ulionishinda:
Habari ya asubuhi, Mbithe. Umelalaje? Chagua uso.
Unanipa nyuso tano, za manjano kama ndimu mbivu,
na wangu haumo.
Uso wa mtu aliyelala saa mbili, akaamka kutapika,
kisha akacheka peke yake gizani
kwa kuwa paka wa jirani alikuwa amejikunja
ndani ya beseni:
huo hawakuuchora.

Nabonyeza wa katikati. Ule usiosema kitu.

Syombua ndiye aliyekuingiza humu, kwa bando lake,
jioni niliyotoka kwenye dripu ya kwanza.
"Mama, hii itakukumbusha kunywa maji."
Kunikumbusha maji! Umoja hii,
ambako mfereji hukohoa Jumanne na Ijumaa
na siku nyingine tunapanda na mitungi hadi orofa ya nne.
Uliziona ngazi, ukashangilia: Hongera, umefanya mazoezi!
Mtungi hukuuona.

Mimi ni fundi. Nambari hazinitishi.
Miaka ishirini na miwili nimezungusha tepu
kwenye vifua vya mabibi harusi, wanakwaya, wanafunzi,
nikaandika kwa chaki: thelathini na sita, arobaini na mbili,
wala sikuwahi kuuliza
kilicho chini ya kitambaa kinamnong'oneza nini mwenyewe.
Sasa nami napimwa.
Maji, glasi sita. Mboga, bakuli moja la managu,
ingawa ulimi wangu unaonja sarafu
katika kila kitu, hata ndizi.
Hatua, mia nne na kumi na mbili:
kitandani, chooni, cherehani, dirishani,
mara nyingi dirishani.

Baada ya dripu ya tatu sikuinuka.
Alhamisi nzima dari ilikuwa karibu kuliko mlango.
Ukatetema saa nne. Ukatetema saa nane.
Bado hatua elfu tatu, Mbithe! Unaweza!
Nikakulaza kifudifudi.

Nilipozinduka jioni hukuwepo kwenye stuli.
Ulirudi ndani ya soksi ya Mutuku,
kitindamimba wangu, miaka tisa, vumbi hadi magotini,
nawe umejaa shangwe, rangi zinamwagika kiooni:
Elfu kumi na moja, mia mbili na sita. Rekodi mpya!
"Nimekutembelea, Mama," akasema.
Neno hilo lina maana mbili.
Yeye alikuwa na moja tu, na alikuwa akihema.

Kliniki, Sista Chelagat akaishusha miwani,
akaufuata mchoro kwa ukucha:
chini, chini, chini, halafu mlima.
"Alhamisi ulikuwa unakimbia wapi?"
Nikamweleza. Akacheka mpaka foleni ikageuka kutazama.
Kisha akanyamaza, akavuta kiti.
"Sifuri nayo ni nambari, Mama Syombua.
Tunaitibu. Ukinificha sifuri
nitakupa dawa ya mtu anayekimbia."

Usiku ule nikaitafuta siku ile ndani yako.
Ukaniuliza: Ungependa kufuta?
La.
Chini yake, palipoandikwa Maelezo,
nikachapa kwa kidole kilichokufa ganzi, herufi moja moja:
zangu sifuri. hizi ni za mpira, nyuma ya kanisa. ziache.

Leo nimefika Mutindwa kununua uzi wa kijani.
Polepole, kofia masikioni, nikipumzika
penye muuza maparachichi, tena penye fundi viatu.
Wewe ulizimika njiani, chaji imekwisha,
kwa hiyo hongera zako sikuzipata.
Nilizihesabu mwenyewe, kwa mdomo,
nikafika mia nane na kitu,
halafu mtu akaniita kwa jina,
nikasahau.