Umeingilia Lango Gani?

Kibanda namba saba, mwisho wa barabara ya kulipia,
pale milima ya Belluno inapoanza kuziba anga,
huwaona watu kuanzia kiwiko hadi kucha.
Nyuso hubaki gizani; mkono ndio hunijia.
Mikono ya wenyeji hainiji tena:
wamegandisha kidude chao kwenye kioo,
hupita njia ya manjano bila salamu,
na kizuizi huwainukia kama mtumishi aliyezoea.
Mimi nimebakiziwa wageni.
Mgeni njoo, hazina ipone.

Jumanne, manyunyu,
ikaja Panda nyeupe ya kukodi
iliyozimika mara mbili kwenye foleni.
Ndani, mwanamume wa miaka sitini hivi
anapapasa mifuko, anapapasa chini ya kiti,
anakung'uta mfuko wa mkate.
Tiketi hakuna.
"Niliiweka hapa," akasema, akinionyesha hapa.
Hapa palikuwa patupu.

Nikamsomea sheria kwa sauti ninayowasomea wote:
asiye na tiketi hulipa toka lango la mbali kuliko yote,
hutozwa madaraja ambayo hakuyavuka,
mahandaki ambayo hayakumtia giza,
kilomita za mtu mwingine.
Nyuma yake lori la maziwa likapiga honi.

"Au," nikasema
(hili nalo limo katika sheria,
ila si kila mhudumu hulitamka),
"andika tamko, utie sahihi.
Umeingilia lango gani?"

Akaitazama karatasi
kama mtu aliyeulizwa umri wa mama yake.
Kiitaliano chake kilikuwa cha jikoni kwa bibi,
maneno ya kuku, ya supu, ya kukaripia watoto;
hakikuwa na neno la stakabadhi.
Badala ya jibu akanipa leseni.
Sikuiomba. Leseni ni kazi ya Tullio,
askari wa barabara, mita mia mbili mbele.
Nikaisoma hata hivyo: imetolewa Rosario, Argentina,
na ndani yake kile kijitabu cha kijivu
cha ruhusa ya kimataifa, kinachotangaza
kwa lugha chungu nzima jambo lile lile moja:
huyu anaweza kuendesha gari dogo.
Picha ina masharubu; mwenyewe hana.
Jina: Zanella, Norberto Luis.

Zanella!
Mjini kwangu Zanella ni fundi bomba,
ni mwalimu wa hesabu aliyenifelisha,
ni safu mbili za makaburi karibu na ukuta.
Sikumwambia. Lori lilikuwa linahema mgongoni pake,
na mshahara wangu hauna fungu la kutambulishana.

Mwishowe akaandika "Mestre",
lakini juu yake, chini ya wino aliokwaruza vibaya,
nilisoma bado: Genova, 1927.
Bandari hiyo haimo kwenye orodha yangu ya malango,
wala mwaka huo.
Nikagonga muhuri.

Akalipa kwa sarafu. Moja nikaikataa: peso.
Nilipoinua kichwa kumrudishia, kizuizi kilishapanda
na Panda ilishajikokota kwa gia ya pili.
Nikaitia kwenye kopo la kahawa,
pamoja na faranga ya Uswisi, kifungo cha koti
na funguo ndogo ambayo hakuna aliyeirudia.
Mkaguzi halioni kopo hilo.

Tullio alinisimulia wakati wa mapumziko.
Alimsimamisha, karatasi zote zilikuwa sawa;
mgeni akauliza njia ya kijiji fulani
kwa jina ambalo Tullio alilisikia mara ya mwisho
kwa babu yake mwenyewe.
"Nikamwambia: barabara hiyo haina ushuru,
ila ina kona kumi na tisa. Akazihesabu kwa vidole,
kana kwamba nimempa zawadi."

Siku ya nne nilimwona upande wa pili,
kwenye mashine ya kuingilia, anaelekea baharini.
Akachomoa tiketi, akaitazama huku na huku,
akaibana kwa meno,
mikono yote miwili kwenye usukani.
Gari halikuzimika.