Kibao Nambari Kumi na Saba

Kiwandani, kusini mwa Poland,
Bogumiła ana kibao mfukoni mwa aproni,
kipana kama kiganja, chekundu,
mgongoni kimepigwa muhuri: kumi na saba.
Kila chombo kitokacho tanuruni, bado kinafuka joto,
hukisogeza dirishani kando ya kibao
na kufumba jicho moja. Ndiyo. Ndiyo. Hapana.

Mwanawe Ziemowit, anayesomea falsafa Krakow,
amerudi Pasaka hii na swali badala ya nguo chafu
(naam, na nguo chafu pia):
"Mama, hapa pana wekundu mmoja,
ulio mzima ndani ya kila sufuria,
au kila sufuria ina wake, kama ilivyo na mpini wake?"

"Mzima, kote, kwa mara moja?" Bogumiła akacheka.
"Hata padri hasomi misa mbili saa ile ile."
Kisha akanyamaza.
Mkono huu bakuli, mkono huu kibao,
na kati yake hakuona mpaka wa rangi,
mpaka wa bati tu.

Mimi, mpanga mifuniko, sikutia neno.
Ila ulimi wangu ulishaanza kazi ya nyumbani:
kikombe chekundu, mfuniko mwekundu,
birika jekundu, mabakuli mekundu.
Neno hubadili kofia kwa kila mwenyeji,
na lile shina, *-ekundu*,
tangu nizaliwe sijalikuta njiani peke yake,
kichwa wazi.

Jumatano kibao kikaanguka.
Rangi ikabanduka, chuma cheusi kikachungulia.
"Sasa tutapimia nini?" akauliza msimamizi.
Bogumiła akachukua birika, *ndiyo* ya jana:
"Hili." Aliyehukumiwa akawa hakimu.

Ziemowit hakukubali:
"Birika lilifanana na kibao, sawa.
Bakuli nalo linafanana na birika.
Na kufanana huku na kufanana kule,
kunafananaje?"
"Kama njaa ya jana na ya leo. Kula."

Jumatatu akapanda treni na kikombe kimoja,
*hapana* ya zamu ya usiku,
kimeiva kupita kiasi, karibu na damu ya mzee.
Nikamuuliza kina nambari gani.
Akakigeuza, akatazama kitako kitupu.
"Inayo," alisema, "ila bado haijapata kibao,"
na mlango ukajifunga katikati ya neno.